Hicho Kibao Hakitatuokoa

Kuna video inazunguka kwa simu zenu. Ni Ziwa Erie, huko Marekani. Boti inatembea mdogo mdogo, fimbo za kuvulia zimesimama nyuma, na pande zote mbili kuna vibao vya rangi ya chungwa vinaelea mbali na boti, kila kimoja na mshipi wake. Kibao kimoja kinarudi nyuma ghafla, jamaa anachukua fimbo, anazungusha, samaki huyo ndani.

Video haina noma. Noma iko kwa komenti. "Wenzetu wako mbele." "Sisi bado tunavua kama enzi za babu." "Teknolojia ndio inatufelisha." Na mmoja akamalizia: "Wajaluo wapewe hivi vibao, njaa iishe."

Wasee, tulieni. Mimi nataka kubishana na hizo komenti moja baada ya nyingine, kwa sababu zinaficha kitu kinachotuuma kila siku kwenye sahani zetu.

Kwanza, hicho kibao ni nini? Wenyewe wanakiita pleina bodi. Kuvuta chambo nyuma ya boti inayotembea si kitu kipya hapa, wavuvi wa Pwani wana neno lake kitambo: kurambaza. Kibao kinaongeza ujanja mmoja tu. Upande wake wa mbele umekatwa mshazari, kwa hivyo boti ikikivuta, maji yanakisukuma pembeni, vile upepo unavyosukuma tiara. Mshipi unashikwa na kibanio juu ya kibao, chambo bandia kinaogelea nyuma yake. Faida ni mbili. Chambo kinapita mbali na kelele na kivuli cha boti, kwa samaki ambao hawajashtuka. Na unaweza kuvuta mishipi kadhaa bila kushikana.

Basi. Ni ubao, kibanio na uzi. Fundi yeyote wa mbao kule Homa Bay akionyeshwa picha asubuhi, jioni anakupa viwili. Kwa hivyo ile hadithi ya "teknolojia ndio inatufelisha" imekufa hapo hapo. Kama ingekuwa ni ubao tu, tungekuwa mabilionea.

Sasa angalia kitu ambacho video haikuonyesha. Yule jamaa ana leseni. Jimbo la Michigan linamruhusu mtu mmoja mishipi mitatu, si zaidi. Upande wa Ohio, samaki anayetafutwa sana, woleyi, lazima afike kama sentimita 38, na kwa siku mtu anabeba 6. Akishika wa 7, anarudisha majini. Na kila mwaka majimbo ya Marekani yanayopakana na Ziwa Erie hukaa chini na Ontario ya Kanada, wanaangalia samaki wamebaki wangapi, halafu wanakubaliana kiasi kitakachovuliwa.

Unaona sasa kibao kinafaa wapi? Ukiruhusiwa mishipi mitatu tu, unajipanga ili kila mmoja upite kwenye maji yake. Wao samaki wakiwa wagumu kupatikana, wanafikiria mshipi upite wapi. Sisi samaki wakiwa wagumu kupatikana, tunapunguza tundu la wavu. Hiyo ndiyo tofauti, na haiuzwi dukani.

Na usiniambie wao ni malaika. Ziwa Erie liliharibiwa vibaya hadi watu wakaanza kulitangaza limekufa. Mwaka 1969 mto Cuyahoga, unaomwaga maji kwenye ziwa hilo pale Cleveland, ulishika moto. Mto! Mwaka 1970 uvuvi wa woleyi ukafungwa kwa sababu ya zebaki ndani ya samaki. Mwaka 1972 Marekani na Kanada zikatia saini mkataba wa kusafisha maji ya maziwa yao. Woleyi walirudi kwa sababu watu walilazimishwa kuacha ujinga, na kulazimishwa kulichukua miaka. Vibao havikuwarudisha.

Turudi nyumbani. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita mraba 68,800, na Kenya ina asilimia 6 tu. Sehemu ndogo hivyo, na bado tunaichezea. Mbuta mwenyewe ni mgeni, aliletwa miaka ya 1950 na 1960, akala fulu hadi aina nyingi sana zikapotea. Tukazoea. Viwanda vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na mwananchi akabakishiwa mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa baada ya nyama kutolewa. Sasa hata huyo mbuta tunammaliza.

Sheria iko, wala si ngumu. Mbuta wa kuvuliwa ni wa kati ya sentimita 50 na 85. Chini ya 50, wengi bado hawajazaa hata mara moja. Juu ya 85, hao wengi ni majike, ndio wenye mayai mengi. Mtoto aachwe, mama aachwe, wa katikati aliwe. Mtoto wa darasa la nne anaelewa. Nyavu za kukokotwa hadi ufuoni zimepigwa marufuku Kenya, na zile za uzi mmoja wa plastiki pia, kwa sababu zinazoa kila kitu. Na bado nenda ufuoni alfajiri uone.

Najua mtu anataka kuniambia, "Wewe uko Nairobi na kahawa yako, unamhukumu mvuvi mwenye njaa." Hapana. Mvuvi ambaye hana boti yake, anavua kwa boti ya tajiri na kugawana kilichobaki baada ya mafuta kutolewa, si yeye ninayemrushia mawe. Wazee wa ufuoni wanajua ziwa kuliko mimi na wewe. Wengi wanavua mbuta kwa ndoano, mamia ya ndoano kwenye kamba moja ndefu, na ukubwa wa ndoano na chambo unachagua samaki. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni bei. Aliyekaa usiku kucha na ndoano akaleta samaki halali anafika ufuoni anakuta mwenzake ameshusha beseni la watoto wa mbuta, na mnunuzi amelichukua bila swali. Sheria inamlinda nani hapo? Inamwadhibu anayeifuata.

Na hao watoto wa mbuta wanaenda wapi? Kwako. Pima mwenyewe. Sahani ya kawaida haifiki hata sentimita 30 kwa upana. Mbuta mzima, kichwa hadi mkia, akitoshea kwenye sahani yako na nafasi ya ugali ikabaki, umekula mtoto. Hakuna mjadala. Mbuta halali huletwa kipande.

Halafu tuko sisi, watu wa kontenti. Hapa nitaongea na wenzangu bila kuficha. Kuna watalii wanaokwenda visiwani, Rusinga na Mfangano, kurambaza mbuta wakubwa kwa fimbo. Sina shida na hiyo, inaleta pesa, na nahodha wa pale anajua kila mwamba. Shida yangu ni ile picha. Samaki mkubwa kuliko aliyemshika, amekufa, ananing'inizwa kwa mdomo, na maelfu ya moyo mwekundu chini yake. Huyo ni mama. Yuko juu ya 85 kitambo. Ukimlaumu mvuvi kwa kuua watoto na wewe unasherehekea kuuawa kwa mama, mnafanya kazi moja, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na njaa.

Na kwa yule wa "wapewe vibao": umewahi kuona Ghuba ya Winam? Utavuta vibao vyako pembeni mita 20 kila upande, upite wapi? Kuna gugumaji, kuna nyavu za watu zimetegwa, usiku kuna mitumbwi ya omena na taa zake. Dakika kumi utakuwa umefunga ziwa lote kama kifurushi, na wenye nyavu wanakutafuta. Halafu petroli. Kurambaza ni injini kuwaka saa nzima ukitafuta samaki mmoja mmoja. Mtu wa mapumziko anaweza, mtu wa karo ya shule hawezi.

Kwa hivyo tukitaka kuiga kitu cha Ziwa Erie, tuige kile kisichoonekana kwa video. Samaki wahesabiwe kabla ya kugawanywa. Nyavu haramu zikamatwe pale zinapoingia na kuuzwa, si kuchomewa mvuvi mmoja mbele ya kamera halafu duka liendelee kuuza. Anayenunua samaki wadogo kwa beseni ashtakiwe pamoja na aliyewavua. Kenya, Uganda na Tanzania tayari zina shirika la pamoja la uvuvi wa ziwa hili tangu 1994, makao yake yako Jinja, kwa hivyo tusisingizie eti hakuna pa kukutania.

Na wewe usingoje serikali. Ukiagiza mbuta, uliza, "Mama, huyu alikuwa mkubwa kiasi gani?" Ukiletewa mtoto, mkatae kwa adabu, ukale kitu kingine. Wateja kumi wakikataa kwa wiki moja, yule mama atamwambia anayemletea, naye atamwambia mwenye boti. Huo mshipi unafika ziwani haraka kuliko mswada wowote wa bunge.

Sasa nitupieni komenti zenu. Lakini kabla hujaniandikia kuhusu teknolojia, nenda jikoni uchukue rula.