Katriji ya wino ikishauzwa ni ya nani?





Wauzaji wengine hutuambia kwamba katriji ikiisha wino imekufa, na anayeijaza upya anaharibu mashine. Hebu tuitazame ndani. Mna sponji, ambayo kazi yake ni kuushika wino usidondoke wenyewe. Chini pana vitundu vyembamba kuliko unywele. Katika mashine nyingi za HP na Canon, kila kitundu kina kipande kidogo sana kinachopashwa moto kwa umeme. Wino hutokota hapo kufumba na kufumbua, kipovu kikatokea na kulisukuma tone kwenye karatasi. Epson hawatumii moto, bali kipande kinachojipinda kwa umeme, nacho kimo ndani ya mashine yenyewe.

Kujaza ni kazi ya sindano: wino wa aina ile ile, polepole, sponji ilowe bila kufurika. Ukizidisha utavuja. Ukichanganya wino usiopatana vitundu vitaziba. Ukiendelea kuchapa katriji ikiwa kavu, kile kipande cha moto huungua, maana wino ndio unaokipoza. Fundi mwangalifu anayajua yote hayo.

Kizuizi hasa ni chipu, ambayo haina kazi yoyote katika kutoa tone la wino. Septemba 2016 mashine nyingi za HP ziligoma ghafla kupokea katriji zenye chipu za watengenezaji wengine, ilhali jana yake zilikuwa zikichapa vizuri. Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya euro milioni 10 kwa kutowaeleza wanunuzi waziwazi juu ya vizuizi hivyo. Mwaka 2022 chipu zilipoadimika duniani, Canon huko Ujerumani iliwaambia wateja wa katriji zake za unga wazipuuze tu ilani za mashine! Kumbe inawezekana.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tarehe 30 Mei, 2017, katika kesi ya Lexmark, kwamba kampuni ikishaiuza katriji haki yake ya hataza imekwisha, hata kama iliuzwa nchi za nje. Lakini hukumu haiondoi chipu.

Naiomba Tume ya Ushindani iwatake waingizaji waandike juu ya boksi, kwa Kiswahili, kama mashine inakataa katriji zilizojazwa upya au za watengenezaji wengine. Nazo ofisi za umma zinaponunua mashine ziulize kwanza bei ya wino. Mashine za matangi ya kujazwa kwa chupa, ambazo Epson ilianza kuziuza Indonesia mwaka 2010, zipo madukani kwetu. Bei yake ya kwanza ni kubwa, ndiyo maana maafisa ununuzi huziruka.

Msomaji,
Morogoro.