ANAYETUONYESHA UFA SI MWIZI

Mficha maradhi kifo humfichua. Wahenga walioyanena hayo hawakuzijua kadi za elektroniki, lakini maneno yao yanazifaa kabisa.

Wasomaji wapenzi, sisi wa Kibera, kuanzia Raila hadi Makina, bado twamlipa makanga kwa noti au kwa simu. Lakini mwaka 2013 Google na benki ya Equity walileta Nairobi kadi ya BebaPay: unaigusisha tu, nauli inakatwa. Mwaka 2014 serikali ikaagiza matatu ziache kupokea pesa taslimu. Mambo yakakwama, na BebaPay ikafungwa 2015. Hata hivyo, kadi za aina hiyo zaweza kurudi wakati wowote, basi heri tujue mapema ulinzi wake ukoje.

Kadi hiyo haina betri. Hupata nguvu kutoka kwa mawimbi ya redio ya mashine inayoisoma. Kwa kuwa mawimbi hupita hewani, mtu aweza kuyanasa, ndipo ujumbe hufungwa kwa ufunguo wa siri. Chipu ya Mifare Classic ilitumika katika kadi za usafiri za London na Uholanzi. Kampuni ya NXP iliificha namna kufuli yake inavyofanya kazi, ikidhani kuficha ndiko kulinda. Mwishoni mwa 2007 watafiti wawili Wajerumani, Karsten Nohl na Henryk Plötz, waliisugua chipu hiyo tabaka baada ya tabaka, wakaipiga picha kwa hadubini, na siri ikawa peupe! Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, mjini Nijmegen, wakaonyesha kwamba kadi zenyewe zaweza kunakiliwa. NXP ikakimbilia mahakamani kuwazuia wasichapishe makala yao. Hakimu akakataa. Alisema hasara inatokana na chipu yenye kasoro, si makala.

Mimi naunga mkono uamuzi huo mia kwa mia. Tuseme fundi mtaani anauza kufuli ambazo ufunguo mmoja hufungua zote. Je, tumkasirikie jirani aliyetuambia, ama fundi?

Wapo watakaosema, "Lakini huyo si anawafunza wezi?" Swali ni zuri. Jibu ni kwamba watafiti wa Nijmegen waliwaarifu serikali na kampuni mwezi wa Machi, makala ikatoka Oktoba. Wenye kadi walipewa muda wa kujitayarisha. Mwizi hutumia ufa kimyakimya, hatoi notisi.

Sasa turudi nyumbani. Sheria yetu ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa kompyuta inasema anayevunja ulinzi wa mtambo kuingia bila idhini aweza kufungwa hadi miaka 3, au kutozwa faini hadi shilingi milioni 5. Mwizi anastahili. Lakini je, kijana wa Raila anayejua kompyuta, akiona ufa katika kadi ya nauli, atathubutu kusema? Atanyamaza, bwana! Na mama mboga ndiye atakayepoteza pesa zake.

Kwa hivyo napendekeza mambo mawili. Kila kampuni inayotuuzia kadi iwe na mahali pa kupokea habari za ufa. Pili, sheria imlinde wazi anayetoa habari kwa nia njema. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hayo machache naweka kalamu chini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu