Kocha Mmoja, Timu Tatu

Vijiwe vya Singida mjini wiki hii vimerudia ubishi wa kocha gani aliyewafaa zaidi, na jina la Hans van der Pluijm halikukosekana. Mholanzi huyo, kipa wa zamani wa FC Den Bosch, aliipa Yanga ubingwa wa 2014/15 na 2015/16, kisha 2017 akaja Singida United. Aliporudi mkoani 2022, United ilikuwa imeshashuka daraja, naye akainoa Singida Big Stars, iliyomaliza ligi ikiwa ya nne. Big Stars nayo ikageuka Singida Fountain Gate, ikahamia Babati. Ihefu ya Mbarali ikaletwa Uwanja wa Liti, Singida, na kuwa Singida Black Stars. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ila mwenyeji asiyekaa nyumbani ataponywa vipi? Wapo watakaosema jina si hoja, fedha ndiyo inayosajili, na Kombe la Kagame la 2025 walilotwaa Black Stars ni ushahidi. Kweli, fedha hununua wachezaji na pengine kombe. Lakini kocha aliyewahi kukaa golini anajua kuwa mabeki huelewana kwa kucheza pamoja misimu mingi, na timu ya vijana hailelewi na klabu inayohama. Tatizo la soka la Singida halijawahi kuwa kocha; ni wenye timu wanaoona wepesi kubadili jina kuliko kujenga klabu.