Taifodi ya Saadani isipimwe kwa Widal peke yake

MVUVI wa kamba au kibarua wa mashamba ya chumvi Saadani akishikwa na homa na tumbo, hukimbilia kupima taifodi. Hutolewa damu kidogo, majibu yakatoka siku hiyo hiyo, kisha fedha ya chakula cha nyumbani ikaishia duka la dawa.

Kipimo hicho ni Widal, na kimekuwapo tangu mwaka 1896. Hakimtafuti mdudu mwenyewe, bali kinga ambayo mwili umetengeneza kupambana naye. Kinga hiyo hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya mtu kupona, na hata malaria inaweza kuleta majibu ya uongo.

Ushahidi upo jirani. Watafiti walilinganisha Widal na uoteshaji wa damu kwa watoto waliolazwa hospitalini Muheza, mkoani Tanga. Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, kati ya watoto wanne walioambiwa na Widal kuwa wana taifodi, ni kama mmoja tu aliyethibitika. Walioambiwa hawana, karibu wote hawakuwa nayo. Yaani kwenye wagonjwa wachache wa taifodi, Widal inaaminika ikikataa kuliko ikikubali.

Uoteshaji nao si muujiza. Huchukua siku kadhaa na hukamata wagonjwa kama sita tu katika kila kumi, na wanapungua zaidi iwapo mgonjwa amekwisha kumeza antibayotiki (na nani Saadani hajameza kabla ya kufika zahanati?). Lakini unamwonyesha mdudu mwenyewe na dawa inayomuua. Hilo Widal haiwezi.

Kwa kipindupindu na kuhara damu, kinachooteshwa ni choo. Kipimo cha haraka cha kipindupindu kinafaa kugutusha viongozi kuhusu mlipuko, kama ule ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015, lakini uthibitisho hutoka maabara.

Zahanati ya kijiji haihitaji maabara kubwa. Choo cha kupima kipindupindu kikiwekwa kwenye kihifadhio cha Cary-Blair husafiri bila barafu. Chupa ya damu nayo haitakiwi kuwekwa kwenye friji, ila ifike mapema. Halmashauri za Chalinze na Bagamoyo zitenge fedha za chupa, maboksi salama na nauli ya kupeleka sampuli kwenye maabara inayootesha. Mgonjwa aliyezidiwa atibiwe wakati majibu yanasubiriwa. Mwenye homa ndogo apimwe malaria kwanza, wala asiuziwe dawa za taifodi kwa karatasi ya Widal pekee.