Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Maua ya Micheri na Swali la Umati

Mwanzoni mwa Aprili nilikuwa Osaka, nilikoalikwa kuzungumza na wanafunzi wa Kiswahili. Msomaji asishangae: Chuo Kikuu cha Osaka kina vijana wa Kijapani wanaokisoma Kiswahili kama taaluma kamili, na wapo wanaochambua ngeli kwa umakini unaonitia haya mimi mwenyeji wa lugha. Jumamosi nilipanda treni, mwendo wa nusu saa hivi, nikaenda Kyoto kutazama maua ya micheri, ambayo wenyewe huyaita sakura. Nilifika saa sita mchana mahali ambapo kila kitabu cha watalii hupataja: Njia ya Mwanafalsafa, kijia cha kilomita mbili hivi kando ya mfereji, kilichopata jina lake kutokana na Profesa Nishida Kitarō, aliyekuwa akitembea huko akitafakari. Mimi sikutafakari chochote. Nilichokiona ni migongo ya watu na simu zilizoinuliwa juu.

Lakini kilichonisumbua zaidi kilitokea njiani. Basi tulilopanda lilikuwa limejaa watalii na mabegi yetu. Katika kituo kimoja alikuwapo bibi mmoja mwenye mkongojo na mfuko wa mboga. Mlango ulifunguliwa, hakuna aliyeweza kusogea, ukafungwa. Bibi yule aliinamisha kichwa kidogo, kana kwamba yeye ndiye aliyepaswa kutuomba radhi. Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mgeni alikuja, na mwenyeji akaachwa kituoni.

Sina nia ya kuulaani umati, kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa sehemu yake. Ninachotaka kusema ni kwamba umati ule haukutokea kwa kudra. Ulitengenezwa, na kilichotengenezwa na watu kinaweza kurekebishwa na watu.

Tuanze na mti wenyewe. Mcheri uliotapakaa zaidi Japani ni wa aina iitwayo Somei Yoshino, iliyoenezwa kutoka kijiji cha Somei, ambacho leo ni sehemu ya jiji la Tokyo, mwishoni mwa zama za Edo. Aina hii haioteshwi kwa mbegu. Huzalishwa kwa kubebesha, kama wakulima wetu wanavyobebesha miembe. Kwa hiyo maelfu kwa maelfu ya miti hiyo, kwa nasaba, ni kama mti mmoja uliorudufiwa, nayo huchanua karibu kwa pamoja katika eneo moja. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani hutangaza rasmi kwamba maua yameanza pale yanapofunguka matano au sita katika mti wa kipimo, ambao kwa Tokyo umo katika hekalu la Yasukuni. Wiki moja hivi baadaye yamechanua kikamilifu, na baada ya siku chache huanza kupukutika. Mti mmoja, tangazo moja, wiki moja: hapo tayari umeshaita watu wote mahali pamoja kwa saa moja.

Juu ya hilo imekuja sera. Mwaka 2012 Japani ilipokea wageni milioni 8.36 kutoka nje. Mwaka 2024 walikuwa milioni 36.87, wakivutwa pia na kushuka kwa thamani ya yeni, na serikali imejiwekea lengo la milioni 60 ifikapo mwaka 2030. Takwimu hizi hutangazwa kwa fahari, na fedha zinazoletwa na wageni huhesabiwa kwa uangalifu. Kiti cha bibi yule ndani ya basi hakimo katika hesabu hiyo.

Serikali za mitaa zimelazimika kujibu. Mwaka 2024 mji wa Fujikawaguchiko ulisimamisha pazia jeusi lenye urefu wa mita 20 na kimo cha mita mbili na nusu ili kuwazuia watalii waliojazana barabarani wakipiga picha ya Mlima Fuji juu ya duka. Mwaka huohuo baadhi ya vichochoro vya binafsi vya mtaa wa Gion, Kyoto, vilifungwa kwa wageni, kwa tishio la faini ya yeni 10,000. Kuanzia Machi 2026 Kyoto imepandisha kodi ya malazi hadi kufikia yeni 10,000 kwa mtu kwa usiku katika vyumba vya bei ya juu kabisa, ilhali awali kiwango cha juu kilikuwa yeni 1,000.

Sina ugomvi na kodi, mradi irudi kwa wenyeji. Shaka yangu ni kwa wale wanaohitimisha kwamba dawa ya umati ni bei: atakayelipa zaidi aone ua kwa utulivu, na asiyenacho abaki nje ya uzio. Historia ya maua haya inakataa wazo hilo. Katika miaka ya 1720 shogun Tokugawa Yoshimune alipandisha micheri kwenye kilima cha Asukayama, nje ya mji wa Edo, ili watu wa kawaida wapate mahali pa kula, kunywa na kufurahi. Naye alikuwa mtawala wa kijeshi, si mwanademokrasia! Iwapo mtu wa namna hiyo alitambua kwamba uzuri si mali ya wakubwa pekee, itakuwa aibu karne yetu ikirudi nyuma.

Dawa ninayoiamini ni kutawanya: kutawanya watu katika saa, katika aina za miti na katika jiografia. Uzuri ni kwamba maumbile ya Japani yenyewe yanairuhusu. Mlima Yoshino, mkoani Nara, una miti ipatayo 30,000, mingi ikiwa micheri ya mwituni, nayo huchanua kwa zamu kutoka bondeni kupanda kileleni, kwa majuma kadhaa. Bustani ya Shinjuku Gyoen jijini Tokyo ina aina nyingi, za mapema na za kuchelewa. Anayefika katikati ya Aprili, umati ukiwa umeshaondoka, hukuta micheri ya maua yenye petali nyingi ikiwa katika ubora wake. Matsumae, kusini mwa kisiwa cha Hokkaido, kuna aina takriban 250, na msimu wake huanza mwishoni mwa Aprili na kuendelea hadi Mei. Na aliyechelewa asijutie. Petali zinazoanguka na kutandaza uso wa maji wenyeji huzithamini kama maua yaliyo mtini. Isitoshe, kingo za mito ya mitaani na viwanja vya shule vina Somei Yoshino ileile inayopigwa picha kwenye vivutio mashuhuri.

Hatua moja ya Kyoto naipongeza bila kusita. Mwaka 2023 iliacha kuuza tiketi ya siku nzima ya basi, iliyowavuta watalii kujazana humo, na mwaka 2024 ikaanzisha mabasi ya haraka kwa ajili ya watalii. Huko ndiko kutawanya: mgeni hakufukuzwa, na mwenyeji amerejeshewa nafasi walau kidogo.

Keshoye nilirudi Njia ya Mwanafalsafa kwa miguu, kutoka nyumba ya wageni ya jirani, saa kumi na mbili asubuhi. Miti ilikuwa ileile. Mzee mmoja alikuwa akifagia petali mbele ya mlango wake. Tuliinamishiana vichwa, nikapita kimyakimya, kwa kuwa majirani zake walikuwa wamelala. Hapo nikakumbuka kwamba micheri ya mwanzo ya njia ile ilitolewa na mchoraji Hashimoto Kansetsu na mkewe. Ilikuwa zawadi kwa mji, na zawadi haina kiingilio. Lakini ina adabu yake: kuja kwa miguu, kunyamaza, kutovunja tawi, na kutotangaza kila kona tuliyoionea utulivu hadi nayo igeuke soko.

Msomaji wa Tanzania anaweza kuuliza haya yanatuhusu nini. Yanatuhusu. Nasi tulijiwekea lengo la watalii milioni tano ifikapo mwaka 2025, na mjadala wetu bado ni wa idadi: wamekuja wangapi, wameacha dola ngapi. Sijasikia tukijiwekea lengo la ni wenyeji wangapi watakuwa wamepona. Japani, yenye treni zinazofika kwa dakika na watu wanaopanga foleni bila kuamrishwa, imeelemewa. Sisi tuna nini cha kutukinga, zaidi ya kupanga mapema?

Siku tutakapoweka lengo hilo la pili kando ya lile la kwanza, ndipo tutakuwa tumeielewa methali yetu wenyewe. Kabla ya hapo, kila tunaposhangilia takwimu, tukumbuke kwamba mahali fulani yupo bibi kituoni, mkononi ana mfuko wa mboga, na basi limeshapita.