Figo hazipigi kelele, tupime mkojo

Wadau, mgonjwa wa kisukari aliyeko Liparamba akiambiwa leo kwamba figo zake zimeshindwa kazi, safari inayomsubiri siyo ya mchezo. Kusafishwa damu kwa mashine ni kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, maisha yake yote, labda apandikizwe figo. Upandikizaji unafanyika hapa nchini tangu 2017, ulipoanza Muhimbili, lakini si kila mtu ana ndugu wa kumpa figo, wala fedha. Je, mkulima wa huku mpakani na Msumbiji aache shamba akaishi karibu na mashine?

Ndiyo maana nasema vita hii ipiganwe mapema, tena kijijini.

Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni 1. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi, inaharibu mishipa midogo ya damu iliyomo ndani ya vichujio hivyo. Vinapata makovu na kuanza kuvujisha protini iitwayo albumini kwenye mkojo. Presha nayo ikipanda, uharibifu unaongeza mbio. Na yote haya bila maumivu! Miguu inapovimba, mara nyingi ugonjwa umeshakwenda mbali.

Albumini hiyo huonekana kwa kipimo cha mkojo miaka kadhaa kabla figo hazijashindwa. Mwenye kisukari cha aina ya pili anatakiwa kupimwa mara anapogundulika, kisha kila mwaka, pamoja na kreatinini ya damu. Akidhibiti sukari na presha, na daktari akimwandikia dawa kama losartani au enalaprili, uharibifu unapunguzwa kasi. Hizo ni dawa za siku nyingi, si za ajabu.

Sisi tunapenda sana kukata utepe wa mashine. Mashine zinaokoa watu, sipingi. Lakini kliniki inayopima sukari tu, mkojo ikauacha, imefanya nusu ya kazi. Halmashauri ya Nyasa, na nyingine zote, zikipanga bajeti zihakikishe kipimo cha albumini kinafika hadi zahanati.

Nawe msomaji mwenye mzazi kijijini, piga simu leo: "Mama, mwaka huu wamekupima mkojo?" Mwambie pia asimeze diklofenaki kila mgongo ukiuma, maana inaumiza figo zilizokwisha kuchoka.

Naomba kutoa hoja.