Maji Hupita Penye Tundu



Huko Marekani wako watu wasafirio na nyumba zao. Hufunga trela nyuma ya gari, na ndani yake mna kitanda, meza na jiko. Katika miaka ya 1959 na 1960 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa trela 41 za Airstream toka Cape Town hata Cairo, wakapita Kenya na Ethiopia. Zilikuwa zimevikwa alumini, zang'aa kama sufuria mpya.

Trela nyingi za zamani zingalipo, na watu huzinunua wazitengeneze upya. Hapo ndipo wanapokutana na adui mkubwa wa trela, nayo ni maji. Alumini hailiwi na kutu kama chuma, lakini sakafu ni ya plaiwudi. Tena maji hayapiti katika bati zima. Hupita pale mtu alipotoboa: penye taa, dirisha, bawaba za mlango na tundu la hewa la paani. Tone huingia kimya, na mwenye nyumba hana habari mpaka siku mguu wake utakapozama sakafuni.

Je, fundi mwema hufanyaje? Hapaki dawa mpya ya kuziba juu ya ile ya zamani. Huing'oa taa yenyewe, akakwangua, akasafisha, akaacha pakauke. Silikoni ya zamani ikibaki, dawa mpya haishiki vema. Mbao iliyooza huikata akatia nyingine, maana skrubu haikazi penye uozo. Kisha huweka mkanda laini wa kunata nyuma ya taa, akakaza skrubu zote polepole kwa zamu, mpaka mkanda utokeze pande zote. Nje hupaka dawa juu na ubavuni, bali chini huacha wazi, ili maji yakiingia yapate pa kutokea. Wala haachi skrubu ya chuma iguse alumini hivi hivi, kwa kuwa penye unyevu alumini huliwa.

Mwisho humwagia maji kwa mpira, akianza chini na kupanda juu, mwenzake akitazama ndani. Akianza juu, maji yatateremka kila mahali, wala hatajua tundu ni lipi.

Sasa tazama paa lako. Msumari wa bati hupigwa mgongoni mwa bati, si bondeni yapitamo maji, na chini ya kichwa chake huwekwa kipande cha mpira. Ukiona doa jeusi katika mti wa paa, usitege sufuria chini ya tone ukaridhika. Panda ukazibe kabla ya masika. Msumari mmoja na kipande cha mpira ni bei ndogo. Paa lililooza litakula ada ya watoto.